Nyuki Wameshaambiwa

Kwa haki kabisa, Loveday Tregear alikuwa amesafiri kuliko mabaharia wengi wa Cornwall, ila safari zake zote zilikuwa kati ya chemchemi na jiko lake mwenyewe. Nusu maili kwenda na ndoo tupu, nusu maili kurudi na ndoo zilizojaa, mara nne kwa siku, tangu mgodi wa bati chini ya kilima uliponyonya kisima cha nyumbani hadi tone la mwisho. Mgodi wenyewe ulishafungwa zamani. Maji hayakurudi kuomba radhi.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na mgongo wake ulikuwa umemtangulia kufika themanini.

Kaka yake, Digory, alikuwa ghorofani. Huko ndiko alikokuwa siku zote. Alianguka kutoka kwenye ngazi ya mgodi miaka kumi na moja iliyopita. Miguu ikakataa kazi, sauti ikabaki, na majirani walikubaliana kwamba nguvu zote zilizotoka miguuni zilipanda moja kwa moja hadi kooni.

Digory alikuwa na vitu viwili hapa duniani. Cha kwanza ni mizinga sita ya nyuki bustanini, ile ya majani makavu yaliyosukwa kama vikapu na kufudikizwa. Cha pili ni Kitabu.

Kitabu kilichapishwa London enzi za Mfalme James wa Kwanza, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini nyuma. Kiliandikwa na kasisi mmoja mfuga nyuki, ambaye jina lake lilipotea pamoja na ukurasa wa mbele, na kilifungwa kwa ngozi ya ndama iliyokauka na kuwa nyeusi kama kiatu cha shemasi. Babu yao alikipata kwa mjane wa kasisi mwingine kwa kumpa kundi la nyuki, maana nyuki hawauzwi kwa pesa, na mtu akiwauza huamka akakuta mzinga mtupu. Bwana mmoja wa maktaba huko Oxford aliandika barua kila mwaka. Alieleza kwamba katika England nzima vimebaki vitabu vitatu tu vya aina hiyo: cha kwanza kimeliwa nusu na panya, cha pili kiko kwa tajiri asiyepokea wageni, na cha tatu ndicho hiki. Aliahidi kukiweka kwenye kabati la kioo. Kila mwaka Digory alimjibu kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

Kasisi yule alikuwa na masharti mengi. Mtunza nyuki awe safi, asiende mzingani akihema, asigombane, asinuke kitunguu. Kwa kuwa Digory hakuweza kushuka bustanini, Loveday ndiye aliyekuwa miguu yake, na miguu hiyo ilikuwa haijaonja kitunguu kwa miaka kumi na moja.

Kulikuwa na njia ya kutoka. Jenifer, binti wa dada yao marehemu, alikuwa na nyumba Redruth, mwendo wa maili tisa. Alikuwa na vyumba viwili vya chini visivyovuja, bustani inayopata jua, na pampu ya maji uani. Loveday alishaiona pampu hiyo mara moja. Unasukuma mkono wake, maji yanatoka. Usiku alilala akiifikiria, kama wanawake wengine wanavyofikiria wapenzi wa zamani.

Digory hakuwahi kukataa kuhama. Alisema tu kwamba hahami bila nyuki wake, na nyuki, kama kila mtu wa Cornwall ajuavyo, huhamishwa siku moja tu katika mwaka mzima: Ijumaa Kuu. Ukiwahamisha siku nyingine wanakufa. Juu ya hilo hapakuwa na ubishi, hata Loveday hakubisha. Tatizo lilikuwa kwamba kila Ijumaa Kuu ilipofika, Kitabu kilipata ukurasa mpya. Mwaka wa kwanza ulikuwa ukurasa wa mwezi mchanga. Mwaka wa pili, ukurasa wa mzinga dhaifu. Mwaka jana ulitokea ukurasa uliosema mizinga isivushwe maji yanayotembea kabla ya adhuhuri, na kati yao na Redruth kuna vijito vitatu. Wakati mwingine Loveday alishuku kwamba kasisi yule bado anaandika.

Lakini mwaka huu Jenifer alikuwa ameandika waziwazi. Kuna mwalimu wa shule anavitaka vyumba vile. Wakija Ijumaa Kuu, ni vyao. Wasipokuja, Jumatatu ya Pasaka mwalimu anaingia na vitabu vyake na paka wake, na hapatakuwa na kusubiri tena.

Ndiyo sababu Loveday aliamka saa tisa alfajiri ya Ijumaa Kuu, akafunga masanduku, akaoka mikate midogo yenye alama ya msalaba, akaenda chemchemini kwa mara aliyoomba Mungu iwe ya mwisho, na saa mbili asubuhi akawa amesimama mlangoni, macho wazi na kichwa kimelala, Hannibal Nance alipofika na mkokoteni wake.

"Habari ya asubuhi, Bi Loveday. Mwaka huu tunakwenda, au nimekuja tena kula mkate?"

"Tunakwenda."

"Ndivyo ulivyosema mwaka jana."

"Hannibal, mlishe farasi wako, mimi niache."

Hannibal alikuwa mtu wa miaka sitini, mwenye masharubu manene na huruma ndogo. Alimfunga farasi, ambaye jina lake lilikuwa Kapteni ingawa hakuwahi kuongoza chochote, kisha akatazama juu kwenye dirisha la ghorofani. Dirisha lile lilikuwa wazi kiangazi na kipupwe, ili Digory awasikie nyuki wake.

"Loveday!" sauti ikashuka.

"Umeisikia?" Hannibal akasema. "Naenda kuchukua mkate wangu."

Loveday akapanda ngazi. Zilikuwa kumi na tatu, na alizijua kama mtu anavyowajua wadai wake.

Digory alikuwa amekaa kitandani, ameshavaa koti lake zuri na kuchana ndevu, Kitabu kimefunguliwa magotini. Loveday alipoona koti, moyo ulimpanda. Alipoona Kitabu, ukashuka.

"Upepo unatoka wapi?" Digory akauliza.

"Kaka, tafadhali."

"Nakuuliza swali dogo, mdogo wangu. Upepo unatoka wapi?"

"Mashariki."

"Mashariki!" Akagonga ukurasa kwa kidole. "Sikiliza kasisi anavyosema. Upepo wa mashariki uvumapo, mwenye hekima na asiguse mzinga wake, maana baridi yake huwaingia nyuki—"

"Jenifer hawezi kusubiri. Ametuambia."

"Jenifer hana nyuki."

"Ana pampu."

"Pampu!" Digory akasema, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa dansi Jumapili. "Nyuki wa babu yetu wafe kwa sababu ya pampu? Mwakani, Loveday. Mwakani, Mungu akipenda, upepo utakuwa wa kusini."

Loveday alitamani kukasirika. Alitafuta hasira mahali pake pa kawaida, lakini hakuikuta. Pengine nayo ilikuwa imechoka ikaenda kulala. Alikuta tu kitu kizito, kinachofanana na ndoo mbili. Akashuka ngazi zote kumi na tatu, akachomoa ufunguo mkubwa wa mlango wa mbele, akaenda bustanini.

Alikuwa ameamua hivi: nyuki watapanda mkokoteni. Nyuki wakishakwenda, Digory atakwenda, maana hawezi kukaa mahali wasipokuwepo. Basi. Lakini nyuki hawabebwi tu kama viazi. Jambo kubwa la nyumba ni lazima waambiwe, ama sivyo hununa na kuondoka. Unagonga mzinga mara tatu kwa ufunguo wa nyumba, unawaambia kwa sauti ya chini, unakwenda mzinga unaofuata.

Akagonga mzinga wa kwanza. Ndani wakavuma kidogo, kama watu walioamshwa. Akafungua mdomo kuwaambia kwamba leo wanahamia Redruth.

Sasa, Loveday alikuwa amesikia nyuki wakiambiwa mara moja tu katika maisha yake. Alikuwa na miaka tisa, na mama yao alikuwa amevaa nguo nyeusi za msiba. Maneno yale yalimkaa kichwani miaka yote, na mdomo wake, ambao ulikuwa macho tangu saa tisa bila msaada wa mtu, ukashika njia pekee uliyoijua.

"Nyuki, nyuki," akasema, "bwana wenu amefariki. Msiondoke. Loveday ndiye bibi yenu sasa."

Akagonga mzinga wa pili, akasema vilevile. Wa tatu vilevile. Kwenye wa nne alihisi kivuli, akageuka, akamwona Hannibal Nance amevua kofia, mkate nusu mdomoni.

"Pole sana, Bi Loveday," Hannibal akasema. "Lakini dakika tano zilizopita nimemsikia akipiga kelele."

"Nani?"

"Marehemu."

Hapo ndipo Loveday alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Akatazama ufunguo. Akatazama juu dirishani. Dirisha lilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakuna sauti yoyote iliyotoka humo. Akapanda mbio, kama goti lake lilivyoruhusu.

Digory alikuwa amelala chali, macho darini.

"Funga dirisha," akanong'ona.

Akalifunga.

"Kaka, nisamehe. Sijalala vizuri. Nitashuka sasa hivi niwaambie kwamba nilikosea."

"Utawaambia nini? Kwamba umewadanganya?"

"Niwaambie u mzima."

"Soma," Digory akasema, akamsukumia Kitabu. "Ule ukurasa uliokunjwa pembeni."

Hakuwa na haja ya kusoma. Alishamsomea ukurasa huo jioni zisizohesabika. Nyuki hukaa katika nyumba ya mkweli. Wakiambiwa uongo na watu wa nyumba, huondoka kabla jua halijatua, wala hawarudi. Chini yake palikuwa na mstari wa wino wa babu, na chini ya mstari wa babu mistari miwili ya Digory.

"Umemaliza mingapi?"

"Mitatu."

Digory akafumba macho, akiwaza. "Mitatu wamesikia nimekufa, mitatu hawana habari. Leo adhuhuri watakuwa wameshapeana habari, na nusu watawaita wenzao waongo." Akavuta pumzi. "Kamalizie mitatu iliyobaki."

"Kaka, una maana—"

"Nyuki wameshaambiwa, Loveday! Kikishasemwa kimesemwa." Ilikuwa ajabu kumsikia mtu akifoka kwa kunong'ona. "Bwana wao amefariki. Mrithi wewe. Mizinga yako, Kitabu chako."

Loveday akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa miaka kumi na moja Kitabu kilikuwa hakijawahi kuwa upande wake, na sasa kilipokuja hakujua akiweke wapi. Mwishowe akakiweka mapajani.

"Na upepo wa mashariki?" akauliza.

Digory akafungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba alikuwa na mengi ya kusema kuhusu upepo wa mashariki. Kisha akaufunga.

"Maiti hana maoni kuhusu upepo," akasema.

Dari ilidondosha tone la maji kwenye beseni.

"Umechoka, Loveday?"

"Nimechoka."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Digory akageuza uso ukutani, kisha akaugeuza tena, maana alikuwa mtu wa utaratibu. "Mizinga ifungwe kitambaa cheusi. Wapewe mkate wa msiba. Na nikitolewa, nitolewe miguu mbele. Tukifanya, tufanye sawasawa."

Basi ikafanywa sawasawa. Loveday alimalizia mizinga mitatu, safari hii kwa makusudi. Alikata sketi yake nyeusi ya zamani vipande sita, akafunga kila mzinga kipande. Mikate ya Ijumaa Kuu ikapandishwa cheo kuwa mikate ya msiba, ikachovywa kwenye bia, kila mzinga ukapata kipande mlangoni. Kisha wakaiziba midomo ya mizinga kwa nguo, nyuki wakiwa wamejikunyata ndani kwa baridi, na Hannibal akaipanga mkokotenini mmoja mmoja.

Wakati huo ndipo Keziah Pender, jirani wa bondeni, alipoona weusi kutoka kwake. Akaja na leso, na uso ameshauandaa njiani.

"Jamani, Digory!" akalia. "Mtu mwema vile!"

"Hakuwa," Hannibal akasema.

"Mpole, mwenye subira!"

"Bi Keziah, umekosea nyumba."

Ghorofani mtu akapiga chafya.

Keziah akashusha leso. Loveday akamvuta hadi jikoni, akamweleza yote kwa sauti ya chini: saa tisa alfajiri, ufunguo, maneno ya mama, ukurasa wa waongo. Alitegemea kuchekwa. Lakini Keziah alizaliwa hukohuko kilimani, na mama yake alikuwa na mizinga kumi. Alisikiliza mpaka mwisho kwa uzito wote wa jambo lenyewe.

"Bila shaka," akasema. "Ungefanya nini tena? Mkate wamepewa?"

"Wamepewa."

"Kwa bia?"

"Kwa bia."

"Vizuri. Na atakapotoka mlangoni, mizinga itikiswe wakati huohuo. Mama hakuwahi kukosea hapo. Nyie ni wawili tu wa kubeba. Nitamshika farasi, nikiona miguu ya marehemu inatoka, nimvute farasi hatua moja. Mizinga yote itasogea pamoja."

Hannibal aling'oa mlango wa ghala, wakaupandisha ghorofani. Digory alihamishwa juu yake bila kulalamika, jambo ambalo lilimtia Loveday wasiwasi kuliko kelele zote za miaka kumi na moja. Alikuwa mwepesi. Hilo hakulitegemea. Alikuwa amembeba kila siku moyoni akiwa mzito kama mashine ya mgodi, na kumbe kwenye mlango alikuwa mzee mwenye koti kubwa.

"Kichwa chini kidogo," Digory akanong'ona kwenye kona ya ngazi. "Hannibal, angalia ukuta."

"Maiti wengine huwa hawasemi," Hannibal akajibu.

"Bado tuko ndani."

Loveday akamfunika shuka hadi usoni. Miguu ilivuka kizingiti. Keziah akavuta hatamu, Kapteni akapiga hatua moja, na mizinga sita ikavuma kwa pamoja, mvumo mzito na mfupi, kisha ikatulia. Wote watatu walisimama wakisikiliza. Chini ya shuka kifua cha Digory kilikuwa kimeacha kupanda na kushuka.

"Wamekubali," Keziah akanong'ona. Kisha, maana alikuwa amepanda kilima kizima kwa ajili ya kulia, akalia kidogo.

Wakampandisha Digory katikati ya mizinga, mitatu kila upande. Loveday akarudi ndani kutazama kama kuna kilichobaki. Kilibaki Kitabu, juu ya kitanda kisicho na mtu. Akakichukua. Sasa ni chake, na lo, kilikuwa kidogo. Kingeingia mfukoni mwa aproni. Alisimama nacho kwa muda. Angeweza kukifungua atafute kinasema nini kuhusu wanawake wanaochoka. Hakukifungua. Akakiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya mabuti, akafunga kamba mafundo mawili.

Walipopita kijito cha kwanza ilikuwa bado saa nne, saa mbili kabla ya adhuhuri, na maji yalikuwa yakitembea waziwazi bila aibu. Shuka likasogea.

"Nimeona," Loveday akasema bila kugeuka. Alikuwa amekaa kwenye sanduku, mgongo kwenye ubavu wa mkokoteni. "Tunavuka."

Shuka likatulia.

Walipanda kilima, wakayapita mabomba marefu ya moshi ya migodi iliyokufa, upepo wa mashariki ukiwapiga usoni. Nyuki walikuwa kimya. Digory alikuwa kimya. Masikio ya Loveday hayakuzoea, yakawa yanavuma yenyewe.

"Baada ya Pasaka nitamwandikia yule bwana wa Oxford," akasema.

Mkono ulitoka chini ya shuka na kulishusha hadi kidevuni. Digory alimtazama. Macho yake yalijaa maneno, mengine ya wakati wa Mfalme James. Mizinga ilikuwa kulia na kushoto, hatua moja kutoka kwenye mdomo wake, na Digory Tregear hakuwa mtu wa kuwafanya nyuki wa babu yake wamwone dada yake mwongo.

"Sijui nitamwambia nini bado," Loveday akasema. "Pengine nitamkatalia. Lakini atakayemjibu ni mimi."

Digory alitazama mawingu kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.

Loveday alitaka kumwambia neno jingine. Lilikuwa karibu kabisa, lilikuwa linakuja, lakini usingizi ulilitangulia. Kichwa kikainama, kikainuka, kikainama tena. Barabara ilikuwa na mashimo ya magari ya mgodi, na kila shimo lilimsogeza kidogo kuelekea ukingo wa nyuma ambao haukuwa na ubao. Digory aliliona. Akanyoosha mkono kati ya mizinga miwili, taratibu, asiguse majani, akakamata kamba ya aproni ya dada yake, akaizungusha mara mbili kiganjani.

Kwenye kijito cha tatu Hannibal alisimamisha farasi ili anywe maji. Akageuka nyuma.

"Bi Loveday," akaanza, "paa za Redruth zinaonekana—"

Marehemu aliinua mkono wake wa pili, akaweka kidole mdomoni.

Hannibal akamtazama yeye, akamtazama mwanamke aliyelala mdomo wazi, akatazama kamba ilivyokaza kwenye kiganja chenye mishipa. Akashuka mkokotenini, akamshika Kapteni kwa hatamu ili asikimbie mteremko, na akaendelea kwa miguu, polepole kuliko ilivyohitajika.